DOOM ya 1993 Ni Yako Kuliko Gemu Uliyonunua Juzi

Wiki iliyopita niliweka video ya dakika mbili nikicheza DOOM ya 1993. Komenti ya kwanza: "Buda, hizo picha ni za enzi za babu yako." Ya pili: "Kwani umesota hivyo?" Ya tatu ilikuwa emoji za kucheka tu, kumi na mbili. Nilizihesabu.

Sawa. Wacha niwajibu wote kwa mpigo, na mnisamehe, leo sina upole.

Kwanza tuondoe hii stori ya "unakumbuka utoto". DOOM ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. Sikuwa nimezaliwa. Utoto wangu ulikuwa kibanda cha PS, bob kumi kwa mechi, na pedi ambayo kitufe chake cha kushuti kilikuwa kimelainika hadi unakifinya na ukucha. DOOM nilikutana nayo nikiwa kidato cha pili, kwa kompyuta ya maabara ya shule. Niliicheza dakika kumi, nikaiona ya kizamani, nikaachana nayo. Nilikuwa kama nyinyi kabisa. Hata mimi nilicheka.

Kilichonirudisha ni aibu.

Desemba, ushago

Desemba iliyopita nilienda ushago na laptopu yangu, ex-UK moja niliyonunua Luthuli. Ndani yake kulikuwa na gemu ya kupiga risasi, ya mchezaji mmoja, niliyoilipia na pesa ya miezi miwili ya kuhariri video za harusi. Laptopu iliiweza kwa taabu, ukishusha kila kitu chini kabisa, lakini iliiweza. Binamu yangu wa miaka kumi na tatu alikuwa ameahidiwa hiyo gemu tangu Agosti. Alikuwa ameshawaambia mabeste zake. Nilifika nikapata watoto wanne wamekaa kwa benchi kama wako kliniki.

Nikaifungua. Skrini ikaniambia niunganishe intaneti kwanza ndio ithibitishe kwamba akaunti ni yangu. Ni gemu ya mtu mmoja, hakuna mwenye nacheza naye, lakini lazima seva ya huko ng'ambo iulizwe kama naruhusiwa. Neti ya pale kwetu inatosha kutuma M-Pesa, tena ukisimama kando ya tangi la maji. Nikawasha hotspoti. Gemu ikapata neti, na badala ya kufunguka ikaanza kupakua sasisho la gigabaiti kadhaa. Bando yangu ya siku iliisha kabla ya asilimia mbili. Kampuni sitaitaja, kwa sababu tabia yenyewe si ya kampuni moja.

Watoto hawakusema kitu. Binamu yangu aliniangalia vile watu huangalia mjomba anayesema gari lake liko gereji.

Sasa, kwenye folda ya kitambo nilikuwa na DOOM, ile sehemu ya kwanza ya bure. Faili yake kuu ni megabaiti 4 hivi. Picha moja ya simu yako inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Nikabonyeza mara mbili na ikafunguka hapo hapo. Haikuuliza mimi ni nani. Watoto walicheza kwa zamu hadi betri ikazima, na kesho yake walikuwa mlangoni kabla ya chai.

Fikirieni hiyo picha. Laptopu ni ile ile, kilima ni kile kile, mtu ni yule yule. Gemu niliyoilipia ilinikatalia mlangoni. Gemu iliyotengenezwa Texas kabla sijazaliwa ikaingia kazini bila maswali.

Hoja yangu basi ni hii, na sitaipamba: gemu isiyofunguka bila ruhusa ya aliyekuuzia si yako. Umepanga. Na sisi tunaotengeneza kontenti ya gemu hapa Kenya ndio madalali wa hao malandilodi. Tunakuonyesha nyumba, tunasifu taili, na hatukuambii kwamba ufunguo anabaki nao yeye.

Nyinyi wa "picha za babu"

Nianze na nyinyi, kwa sababu mnadhani DOOM inaheshimiwa kwa uzee wake tu, kama kiti cha kale.

Nilirudi Nairobi nikanunua toleo la DOOM + DOOM II lililotoka Agosti 2024, nikacheza DOOM yote mwanzo hadi mwisho. Leveli ya kwanza inaitwa Hangar, na aliyeichora ni John Romero. Unaanza na bastola na risasi 50. Hakuna filamu ya dakika ishirini, hakuna mtu wa kukufundisha kutembea. Kuna ngazi, na juu yake deraya ya kijani. Kuna dirisha, na nje ya dirisha, uani, unaona deraya ya buluu iliyo bora zaidi. Mlango wa kwenda huko huuoni. Gemu haikuambii kitu. Lazima usonge mbele kabisa ndio ugundue kuna njia ya siri inayotokea pale nje. Binamu yangu aliitafuta saa nzima akijaribu kila ukuta, na alipoipata alipiga nduru hadi shosho akatoka jikoni. Hakuna mshale uliomwonyesha, hakuna taa ya manjano. Aliiona kwa dirisha, akaitaka, akaifikia kwa akili yake.

Alafu kuna mwendo. Unakimbia kama umefukuzwa na nyuki. Hakuna kusimama ujaze risasi, unafyatua hadi ziishe mfukoni. Yale majoka yanarusha mipira ya moto unayoiona ikija, kwa hivyo unaikwepa kwa miguu. Kujificha nyuma ya ukuta ukingoja afya irudi haisaidii, kwa sababu hairudi yenyewe. Ukijipanga vizuri, adui mmoja anampiga mwenzake kwa bahati mbaya, wanaanza kupigana wao kwa wao, nawe unasimama kando ukiwaangalia wakimalizana. Na ukifyatua bunduki, sauti inasafiri hadi vyumba vilivyoungana na chako, na waliokuwa wamezubaa huko wanaamka. Hiyo ni gemu ya 1993. Inakusikia.

Ina kasoro? Zipo. Huwezi kuruka. Huwezi kuangalia juu wala chini, na adui akiwa juu ya jukwaa gemu inakulengea yenyewe. Sehemu ya pili na ya tatu zina leveli ambazo nilizunguka dakika ishirini nikitafuta ufunguo mwekundu kama mtu amepoteza kitambulisho. Hadithi yake unaweza kuiandika nyuma ya risiti ya supamaketi. Sisemi ni gemu isiyo na dosari. Nasema dosari zake unazipata ndani ya mchezo, baada ya kuruhusiwa kuingia.

Watu wasiojaza matatu

Kampuni ni id Software. Walioitengeneza DOOM walikuwa wachache kiasi kwamba ungewapakia kwa matatu moja ya watu 14 na konda bado aite abiria. Mwaka mmoja kabla, 1992, walikuwa wametoa Wolfenstein 3D: kuta zote zimesimama kwa pembe mraba, sakafu yote iko usawa mmoja, mwanga ni ule ule kila mahali. DOOM ikaleta ngazi, majukwaa, kuta za kila pembe, na giza.

Waliwezaje, kwa kompyuta zenye kumbukumbu ya megabaiti 4? Programa wao mkuu, John Carmack, alichukua mbinu iliyokuwa imeshaandikwa na watafiti miaka mingi kabla, akaiingiza kwa gemu. Ramani inakatwakatwa vipande mapema, kabla mchezaji hajaigusa, na vipande vinapangwa kama matawi ya mti. Ukicheza, kompyuta haipotezi muda kuuliza kila ukuta "wewe uko mbele ama nyuma?" Inafuata matawi tu, na mpangilio wa kuta unajulikana tayari. Halafu kuna ujanja mwingine: ukiitazama ramani ya DOOM kutoka juu ni mchoro bapa. Hakuna chumba kilichokaa juu ya chumba kingine. Macho yako yanadhani ni jengo, kumbe ni karatasi iliyoinuliwa hapa na kushushwa pale.

Sitadanganya, kwenye kompyuta dhaifu za wakati huo ilikuwa inajikokota, na wengi walitamani mashine mpya kwa sababu yake. Lakini ona walianzia wapi. Walianza na swali: mashine ambayo watu wako nayo inaweza nini? DOOM: The Dark Ages ya 2025, gemu yenye jina hilo hilo, inataka gigabaiti 100 za nafasi, kumbukumbu ya gigabaiti 16, na kadi ya grafiki ya aina maalum ambayo laptopu zetu za ex-UK hazina. Gigabaiti 100 ni kama mara 25,000 ya ile faili iliyowafurahisha watoto wanne kwa benchi. Ni nzuri mara 25,000? Hata mara kumi sijui.

Walifungua mlango wakauacha wazi

Hapa ndio mnapaswa kunyamaza kidogo mnisikize.

DOOM iligawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa bure kabisa, na uliruhusiwa kuinakili na kumpa rafiki, jirani, adui, yeyote. Ilitoshea kwa diski mbili ndogo za plastiki, zile mnazoziona leo kama alama ya kuhifadhi faili. Ukiipenda, unaagiza sehemu mbili zilizobaki kwa dola 40. Siku ya kuitoa, waliiweka kwa seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, na watu waliokuwa wakiingoja walikuwa wameijaza seva hadi mwenye kuipakia mwenyewe akashindwa kupata nafasi ya kuingia.

Pili, wachezaji wa Wolfenstein 3D walikuwa wameanza kuvunja faili za gemu ili waweke picha na leveli zao. Kampuni nyingi zingeita wakili. Id walifanya kinyume: kwa DOOM walitenganisha injini na vitu vilivyo ndani yake. Leveli, picha na sauti zikawekwa kwa faili za kando zinazoitwa WAD. Si kila mtu ndani ya kampuni aliifurahia hiyo, lakini iliendelea. Ukitaka kuongeza leveli yako, unaongeza faili yako, na gemu ya asili inabaki salama. Watu wakaanza kutengeneza. Baadhi ya hao mashabiki walikuja kulipwa: Final Doom ya 1996 ni leveli za watu walioanza wakijitengenezea tu nyumbani.

Tatu, Desemba 1997, Carmack akatoa msimbo wa gemu hadharani usomwe na yeyote. 1999 ukawekwa chini ya leseni huria ya GPL. Picha na leveli zenyewe bado zina mwenyewe, tusichanganye mambo, lakini injini ikawa ya dunia. Ndio sababu laptopu yangu ya leo, yenye mfumo ambao id hawakuuota, inafungua DOOM bila kusuasua. Kuna watu wamekuwa wakiirekebisha kwa zaidi ya miaka 25. Hakuna anayewalipa na hakuna anayeweza kuwafuta kazi.

Na bado inakua. Romero mwenyewe alitoa leveli mpya, SIGIL, 2019, na SIGIL II tarehe 10 Desemba 2023, siku gemu ilipotimiza miaka 30. Mwaka huo huo shabiki mmoja alitoa leveli iitwayo MyHouse, nyumba ya kawaida inayobadilika kidogo kidogo kila ukirudi ndani hadi hujui uko wapi. Watu wasiojua hata DOOM ni nini walikaa wakitazama video za saa nzima kuihusu. Gemu yako ya juzi itakuwa na nini ikifika miaka 30? Itakuwa na ujumbe wa "seva haipatikani".

Ule mzaha wa printa si mzaha

Mnajua ile mchezo ya kuuliza "hii nayo inaweza kucheza DOOM?" Watu wameiweka kwa kalkuleta, kwa kamera, kwa kila kitu chenye skrini. Mnacheka mnapita. Mimi pia nilikuwa nacheka na kupita.

Angalieni vizuri. 2014 mtafiti wa usalama aliiingiza kwa printa ya Canon akiwa mbali nayo. Alikuwa anaonyesha kwamba yeyote angeweza kuiteka hiyo printa kupitia intaneti, na DOOM ilikuwa ushahidi ambao hakuna angebisha. 2022, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, jamaa anayejiita Sick Codes aliionyesha ikicheza kwa skrini ya trekta ya John Deere. Kwa nini trekta? Kwa sababu wakulima wa Marekani wamekuwa wakipigania haki ya kurekebisha trekta zao wenyewe bila kumngoja fundi wa kampuni aje na programu yake. Ile video ya kipimo cha mimba tuiache, jamaa alibadilisha hadi skrini ya ndani na alisema mwenyewe.

Kwa hivyo lile swali la mzaha liko na swali lingine chini yake: hiki kitu nilichonunua, naweza kukifungua nikifanyie ninachotaka? Kama ndiyo, ni changu. Kama hapana, niko na risiti tu.

Sasa tuangalie mnachosifu

The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014. Gemu ya magari. Ilihitaji seva hata ukiendesha peke yako. Machi 31, 2024, seva zikazimwa, na gemu ikafa kwa kila mtu, pamoja na aliyenunua diski dukani na kuiweka kwa rafu. Watu walikasirika hadi kampeni ya Stop Killing Games ikaanza, na Ulaya ikakusanya sahihi zaidi ya milioni moja. Concord ya Sony ilitoka Agosti 23, 2024, ikaondolewa Septemba 6. Wiki mbili. Angalau walirudisha pesa.

Septemba 2024 jimbo la California lilipitisha sheria ya kulazimisha maduka ya mtandaoni yaseme wazi kwamba unachonunua ni leseni. Baada ya hapo Steam ikaanza kuonyesha ilani hiyo pale unapolipia. Fikiria: ilihitaji serikali iwalazimishe wakuambie kwamba hukununua kitu.

Na ile inayoniuma zaidi. DOOM: The Dark Ages, kwa bei ya Marekani ya dola 70, ambayo ni kama shilingi 9,000, ilitoka na diski ya PS5 yenye megabaiti zisizofika 100. Gemu yenyewe unaipakua. Yaani DOOM ya 1993 ilikupa sehemu nzima ya bure kwa diski mbili za plastiki, na mjukuu wake anakuuzia diski ambayo kazi yake ni kufungua geti. Jina ni lile lile. Nyumba imebadilisha mwenyewe: tangu 2021 iko chini ya Microsoft.

Mimi pia ni dalali

Niseme yangu kabla hamjanichimbua. Mwaka juzi niliweka chambuzi ya gemu moja kubwa. Niliisifu kutoka juu hadi chini: mwanga, mvua, nyuso. Sikuwa nimeicheza. Nilikuwa nimetazama video za Wamarekani wakiicheza, nikasoma komenti, nikaongea kwa kujiamini. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi.

Msee mmoja akaniandikia. Aliinunua kwa sababu yangu, na laptopu yake haikuweza hata kufika menyu. Muda wa kuirudisha ulikuwa umepita. Nilimjibu "pole bro" na emoji ya moyo uliovunjika. Hiyo ndio fidia niliyompa.

Wengi wetu tunafanya hivyo, na mnatujua. Tunachambua gemu ambazo hatuwezi kuzicheza, kwa watu ambao hawawezi kuzinunua, kwa bando walizokopa. Kisha tunaita hiyo kontenti ya gemu ya Kenya. Wakati huo huo, Nairobi X, gemu ya kupiga risasi iliyotengenezwa hapa na Andrew Kaggia na Black Division Games, Nairobi ikiwa imevamiwa na viumbe wa angani, wangapi wenu mmewahi kuicheza? Wangapi kati yetu tuliwaambia iko? Hapo kimya. Hapo nilikuwa kimya mimi pia.

"Lakini kampuni lazima zile"

Najua hii inakuja. Kutengeneza gemu leo ni gharama, watu ni mamia, si wale wa kujaza matatu. Kweli. Lipeni. Mimi nililipa, na sijamwambia mtu aibe. Lakini id hawakufa njaa kwa kugawa theluthi ya gemu bure. Walitajirika. Carmack alikuwa na Ferrari zaidi ya moja, hadi 1997 akatoa moja iwe zawadi kwa mshindi wa shindano la Quake. Ukarimu wao ulikuwa biashara, na ilikuwa biashara nzuri. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba kunifungia gemu ya mchezaji mmoja nikiwa kando ya tangi la maji ni sharti la uchumi. Ni uamuzi. Kuna mtu alikaa kwa mkutano akaamua.

"Lakini nataka kucheza na mabeste mtandaoni." Cheza. DOOM yenyewe ndiyo iliyotuletea neno deathmatch, watu wanne kwa mtandao wa ndani wa ofisi ama chuo, hadi mitandao ya kazini ikaanza kulemewa. Tofauti ni kwamba hao wanne walihitaji waya tu. Hawakuhitaji baraka za mtu wa nchi nyingine.

"Kwani umesota?" Ndio, nimesota. Wewe je? Tukiacha kuoneana haya hapa, wengi wetu tunacheza kwa simu zenye skrini zilizopasuka na laptopu zilizotumika ofisi za London kabla zifike kwetu. Hiyo si siri ya kufichwa. Ndio mashine tulizo nazo, na gemu inayoziheshimu inastahili sifa kuliko inayozitukana.

Basi tufanye nini

Mimi nimejiwekea sheria, na mnishike nazo. Kila chambuzi nitakayoweka kuanzia leo nitasema nimeicheza kwa mashine gani, kwa saa ngapi, imekula data kiasi gani, na inafunguka bila neti ama haifunguki. Kama sijaicheza nitasema sijaicheza. Yule msee wa "pole bro" nimemtafuta tena, tumeongea, na nimemtumia nusu ya hiyo pesa. Nusu nyingine nitamaliza mwezi ujao.

Nyinyi, kabla ya kulipa, ulizeni swali moja tu: hii ikizimiwa seva kesho, nitabaki na nini? Ukiona jibu ni picha ya jalada, lipa ukijua umelipa kodi ya nyumba.

Na wale mnaosoma kuandika programu, mnaolalamika hamna vifaa: msimbo wa DOOM uko wazi, na kuna mradi unaoitwa Freedoom wenye leveli, majini na sauti za bure ambazo hazihitaji faili za id. Mnaweza kuanza leo, kwa laptopu mliyo nayo.

Mimi nimeanza. Natengeneza ploti yetu. Geti, kioski, ngazi zenye giza, kamba za nguo, mlango wa keateka. Shida ni moja: ploti yetu ina orofa nne, na injini hii haiwezi kuweka chumba juu ya chumba. Nimeumiza kichwa wiki mbili. Juzi binamu yangu amenipigia kutoka kando ya tangi la maji akaniambia nitandaze orofa zote chini, kando kwa kando, kisha nimhamishe mchezaji kimyakimya akifika kwa ngazi, asijue amehamishwa.

Ana miaka kumi na tatu. Ameicheza wiki mbili.

Ikiisha nitaiweka hapa. Ni bure, itakuwa megabaiti chache, na haitakuuliza wewe ni nani. Komenti ziko wazi. Na wewe wa emoji kumi na mbili, karibu sana.